De Havilland alianguka kwanza, ndipo akaruka

Miaka mingi iliyopita nilialikwa katika shule moja ya mashambani niwe miongoni mwa waamuzi wa maonyesho ya sayansi. Mvulana mmoja alileta mtambo wa kuvuta maji aliouunda kwa gurudumu la baiskeli, mabomba makuukuu na vipande vya mpira. Alipoanza kukanyaga pedali mbele ya wageni, mnyororo ulikatika, gurudumu likachomoka, nayo maji yakaishia kwenye viatu vya mgeni wa heshima. Umati ukaangua kicheko. Mwalimu wake, kwa kuona haya, akamwamuru aondoe vyuma vyake uwanjani na asirudie kupoteza wakati kwa mambo ya jua kali ilhali mtihani ulikuwa ukibisha hodi. Mwaka uliofuata nilirudi katika shule ile. Mvulana alikuwapo, ameketi kimya, hana mtambo wowote. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ni kwa nini mnyororo ule ulikatika.

Humkumbuka kijana huyo kila nisomapo habari za maisha ya Geoffrey de Havilland, Mwingereza ambaye jina lake limeandikwa ubavuni mwa ndege nyingi kuliko awezavyo mtu kuzihesabu. Watu wengi humjua kwa ndege zake za vita au kwa ndege ya kwanza ya abiria iliyotumia injini za jeti. Mimi leo nataka tuitazame ndege yake ndogo, yenye viti viwili tu, ambayo kielelezo chake cha kwanza kilipaa tarehe 22 Februari 1925. Ndege hiyo ndiyo iliyoufanya usafiri wa angani uweze kufikiwa na watu wa kawaida wenye kipato cha wastani, na haikuzaliwa kwa muujiza. Ilitanguliwa na mabawa yaliyovunjika na vielelezo viwili vilivyokosa kadiri yake. Kimoja kati ya vielelezo hivyo kiliishia kuletwa papa hapa Kenya.

De Havilland alizaliwa tarehe 27 Julai 1882 karibu na mji wa High Wycombe, katika jimbo la Buckinghamshire. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Kianglikana, na jamaa hiyo haikuwa ya matajiri. Tangu utotoni kijana huyu alivutiwa na mambo mawili: mashine, na wadudu wenye mbawa. Alisoma Nuneaton, kisha shule ya St Edward's mjini Oxford, na mwaka wa 1900 akajiunga na chuo cha uhandisi cha Crystal Palace jijini London. Huko wanafunzi walifunzwa kuchora, kuchonga, kusubu na kufua chuma kwa mikono yao wenyewe. Angali mwanafunzi, alibuni injini ya pikipiki. Kwa kuwa mfuko wake ulikuwa mtupu, akaiuza michoro yake kwa wanachuo wenzake kwa pauni 5 tu. Wenzake hao wakaanzisha kampuni, na injini za Blackburne zikaja kupata sifa kubwa.

Baada ya masomo aliajiriwa na makampuni ya mitambo na magari, akiwa mchoraji aketiye mezani siku nzima. Kazi hiyo ilimchosha. Mwaka wa 1908, Wilbur Wright alipofika Ufaransa kutoka Marekani na kuwaonyesha watu wa Ulaya jinsi mtu anavyoweza kuiongoza ndege angani apendavyo, de Havilland alikata shauri. Wakati huo alikuwa bado hajaiona ndege ikiruka kwa macho yake. Alimwendea babu yake mzaa mama, akamwomba msaada. Mzee huyo akampa pauni 1,000, fedha ambazo alikuwa amemkusudia kuwa urithi wake. Hebu tafakari, msomaji: kijana ameacha kazi yenye mshahara, anataka urithi wake mapema ili akaunde chombo ambacho nchini mwake ni watu wachache mno waliowahi kukiona. Katika jamii nyingi, kijana wa namna hiyo angeitiwa kikao cha wazee.

Kijana huyo hakufanya kazi peke yake. Aliandamana na rafiki yake Frank Hearle, fundi wa mabasi aliyekuwa na mikono mizuri kuliko maneno. Walikodi karakana huko Fulham, London. Kwa kuwa hapakuwa na injini nyepesi ya kununuliwa kwa bei waliyoimudu, de Havilland alibuni yake mwenyewe, yenye silinda nne, akaipeleka kwa kiwanda cha magari cha Iris ikaundwe. Louise, mwanamke aliyemwoa mwaka wa 1909, alishona kwa cherehani kitambaa chote cha kufunikia mbawa. Hivyo basi, ndege ya kwanza ya de Havilland ilitengenezwa kwa akiba ya babu, mikono ya rafiki na sindano ya mke.

Mwezi Desemba 1909 waliipeleka ndege hiyo mahali paitwapo Seven Barrows, katika jimbo la Hampshire. De Havilland alikuwa hajawahi kufunzwa urubani. Aliiteremsha ndege kwenye mteremko wa kilima, ikaanza kuinuka, naye kwa pupa akaivuta juu zaidi ya ilivyostahimili. Bawa likavunjika. Ndege ikaanguka kama mzigo wa kuni, na kazi ya miezi mingi ikawa rundo la vijiti na matambara katika muda usiozidi dakika moja. Yeye alitoka akiwa na michubuko tu. Kitu pekee cha maana kilichosalia kilikuwa injini.

Sasa tazama alichofanya. Hakulaumu upepo wala husuda ya majirani. Alizikusanya mbao, akazichunguza, akatambua kwamba mihimili ya mbawa ilikuwa dhaifu kwa mzigo iliyobebeshwa, na kwamba hata mkono wake mwenyewe ulikuwa na makosa. Yeye na Hearle wakarudi karakanani, wakaunda ndege ya pili, sahili na imara kuliko ile ya kwanza, wakaipachika injini ile ile. Tarehe 10 Septemba 1910 waliirudisha Seven Barrows. Hearle alilala kifudifudi nyasini ili ayaone magurudumu yakiachana na ardhi. Yaliachana nayo kwa sentimita chache tu, lakini yaliachana. Wiki chache baadaye de Havilland alimpakia mkewe, akiwa amempakata mtoto wao mchanga, wakapaa pamoja. Mwanaume anayeipandisha ndege aliyoiunda mwenyewe, amepakia jamaa yake yote, ana sababu njema ya kuzikagua skrubu zake mara mbili.

Pauni 1,000 za babu zilikuwa zinakaribia kwisha. Serikali ya Uingereza iliinunua ndege hiyo kwa pauni 400, nayo ikamwajiri de Havilland katika kiwanda chake cha Farnborough awe mbunifu na rubani wa majaribio. Mwaka wa 1914 alijiunga na kampuni ya Airco, na vita vikuu vya kwanza vilipozuka, herufi za jina lake, DH, zikaanza kuonekana katika medani za Ulaya. DH.2 ilikuwa ndege ya kupambana angani. DH.4 na DH.9 zilibeba mabomu.

Hapa sitaki kuficha upande wa pili wa sarafu. Vita vilipomalizika Ulaya, ndege za familia ya DH.9 zilipelekwa Somalia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1920 ndege 12 za aina hiyo zilitumiwa na Waingereza kuzipiga kwa mabomu ngome za Sayyid Mohammed Abdille Hassan, aliyekuwa amewapinga kwa takriban miaka 20. Mpango uliokuwa umeshindikana kwa majeshi ya nchi kavu ukatimia kwa majuma machache. Mwenye kubuni chombo hana budi kujua kwamba chombo hakichagui mwenyewe kitakachobeba. Walimu wa sayansi wanapaswa kulisema jambo hili darasani, wasimwachie mwalimu wa historia peke yake.

Amani ilileta balaa la namna yake kwa waundaji wa ndege. Hakuna aliyetaka kununua ndege mpya wakati maghala ya serikali yalikuwa yamejaa mabaki ya vita yaliyouzwa kwa bei ya kutupa. Airco iliporomoka. Tarehe 25 Septemba 1920, de Havilland na wenzake, Hearle akiwa miongoni mwao, walianzisha kampuni yao wenyewe katika uwanja wa Stag Lane, kaskazini mwa London. Waliishi kwa kutengeneza ndege za zamani na kuchukua oda chache zilizopatikana. Lakini de Havilland alikuwa na wazo lililomkosesha usingizi. Aliamini kwamba usafiri wa angani usingestawi kwa kutegemea majeshi. Ungestawi siku ambayo daktari, mkulima au mfanyabiashara angeweza kuwa na ndege yake kama awezavyo kuwa na gari.

Kulisema wazo hilo ni rahisi. Taabu ilikuwa kupata kadiri yake. Ndege ndogo ya kazi za kila siku ina mahitaji yanayovutana kama kamba. Ukitaka iwe rahisi kununua, unaipa injini ndogo, lakini injini ndogo haibebi mzigo. Ukitaka ibebe mzigo, unaiongezea injini, nayo injini inaongeza uzito, uzito unadai mbawa kubwa zaidi, mbawa zinadai banda kubwa zaidi, na gharama inapanda ngazi baada ya ngazi hadi mnunuzi anakimbia. Mbunifu husimama katikati ya mivutano hiyo akitafuta pale kamba zinapotulia.

Jaribio la kwanza lilielemea upande wa udogo. Mwaka wa 1923 yalifanyika mashindano ya ndege nyepesi huko Lympne, kusini mwa Uingereza, na de Havilland alipeleka ndege iliyoitwa DH.53, yenye kiti kimoja na injini ya pikipiki ya ujazo wa sentimita mchemraba 750. Ilikunywa mafuta kidogo sana, nayo ilipendeza kuitazama. Lakini ilipokutana na upepo wa mbisho ilikuwa kama mtu anayepiga makasia dhidi ya mkondo: injini inanguruma na ardhi haisogei. Isitoshe, ndege yenye kiti kimoja haiwezi kumfunza mwanafunzi wala kumbeba mgonjwa. De Havilland alielewa kwamba ubahili nao una kikomo.

Jaribio la pili likaelemea upande wa ukubwa. Mwaka wa 1924 alitoa DH.51, ndege yenye nafasi ya watu watatu. Ili kupunguza gharama aliitilia injini ya uwezo wa farasi 90 iliyotoka katika mabaki ya vita, ambayo bei yake ilikuwa ya chini mno. Hapo Wizara ya Anga ikamkatalia. Injini hiyo ilikuwa na mfumo mmoja tu wa kuwashia mafuta, hivyo kwamba mfumo huo ukizimika angani hakuna wa pili wa kuuokoa. Ili cheti kipatikane ilibidi aweke injini nyingine ya farasi 120. Bei ikapanda, na lile lengo la ndege ya mtu wa kawaida likatoweka. DH.51 ziliundwa tatu tu katika ulimwengu mzima.

Mojawapo ya hizo tatu inatuhusu sisi. Ilipakiwa melini mwaka wa 1925 ikaletwa Mombasa, mali ya mlowezi aliyeitwa John Carberry, na mwezi Aprili 1926 ikapaa katika anga ya Kenya. Ndiyo ndege ya kwanza kuandikishwa rasmi katika nchi hii. Ilibandikwa jina la Miss Kenya. Ndege ambayo ilikuwa kubwa mno kwa soko la Uingereza ilihudumu hapa kwa miaka mingi, ikipita mikononi mwa wenyewe mbalimbali, hadi iliporudishwa Uingereza mwaka wa 1965. Baadaye ilikarabatiwa na kuhifadhiwa katika mkusanyiko wa Shuttleworth huko Old Warden, nayo ndiyo pekee iliyosalia kati ya zile tatu. Mwanafunzi wa Kenya anapofunguliwa ukurasa wa historia ya urubani, ana haki ya kujua kwamba ukurasa huo umepitia nyumbani kwao.

Tuirudie Stag Lane. Mwisho wa mwaka wa 1924 de Havilland alikuwa na ndege mbili mkononi, moja ndogo kupita kiasi na nyingine kubwa kupita kiasi. Alitambua kwamba kosa halikuwa katika mbawa hasa. Kosa lilikuwa kwamba duniani hapakuwa na injini ya ukubwa wa kati. Akamwendea mhandisi Frank Halford. Mabaki ya vita yalikuwa na injini nyingi za Renault zenye silinda nane, zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V. Halford akachukua safu moja tu ya silinda nne na kuiundia msingi mpya. Kwa maneno mengine, aliikata injini kubwa nusu kwa nusu. Matokeo yake yalikuwa injini iliyoitwa Cirrus, ya uwezo wa farasi 60, yenye kupozwa kwa hewa, nyepesi, na yenye bei ya kuvumilika kwa kuwa vipuri vyake vingi vilikuwa tayari vimo ghalani.

Injini ilipopatikana, ndege iliyoizunguka ilichorwa kwa akili ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa na makosa yake. Kiwiliwili chake kilikuwa sanduku la mbao lililofunikwa kwa plaiwudi, ambalo seremala wa kawaida angeweza kulitengeneza na kulirekebisha bila mitambo ya pekee. Viti viwili vilifuatana, kimoja cha mwalimu na kingine cha mwanafunzi, na nyuma yake pakawa na nafasi ya mizigo midogo. Ndege tupu ilikuwa na uzito wa takriban kilo 350. Mbawa, ambazo zikikunjuliwa zilikuwa na urefu wa takriban mita 9 kutoka ncha hadi ncha, ziliweza kukunjwa nyuma ubavuni hadi upana ukapungua chini ya mita 3. Ndege ikaweza kukokotwa barabarani na kulazwa katika banda dogo. Gharama ya banda ni gharama ya ndege pia, jambo ambalo wabunifu wengi walikuwa wamelisahau.

Walimu wa fizikia watapenda jambo lingine. Ili ndege igeuke, rubani huinua kibao kilicho kwenye ukingo wa bawa moja na kushusha cha bawa la pili. Kibao kinachoshuka hukamatwa na hewa zaidi, basi pua ya ndege huvutwa upande usiotakiwa, na mwanafunzi asiye mzoefu huchanganyikiwa. Katika ndege hii vibao viliunganishwa kwa namna ambayo kile kinachopanda husogea sana, na kile kinachoshuka husogea kidogo. Kwa ufundi huo mdogo ndege ikawa na subira kwa anayejifunza.

Jina lake lilitokana na mapenzi ya utotoni. De Havilland alikuwa bado anawapenda wadudu, na ndege inayokunja mbawa zake ilimkumbusha nondo atuapo ukutani. Akaiita Moth, yaani Nondo. Tarehe 22 Februari 1925 aliingia kitini mwenyewe akairusha kwa mara ya kwanza. Hakumtuma kijana wa watu akajaribu bahati. Tarehe 29 Mei mwaka uo huo rubani Alan Cobham aliichukua ndege hiyo ya kielelezo kutoka Croydon, London, hadi Zürich nchini Uswisi na kurudi siku ile ile, mwendo wa kilomita zipatazo 1,600. Wizara ya Anga, ile ile iliyoikatalia DH.51, ilisaidia kuanzishwa kwa vilabu vitano vya urubani, na vilabu hivyo vikanunuliwa Nondo.

Mabaki ya vita hayakuwa kisima kisichokauka. Vipuri vya Renault vilipoanza kuadimika, Halford alibuni injini mpya kabisa, nayo mwaka wa 1928 ikazaa ndege iliyoitwa Gipsy Moth, ambayo iliuzwa kwa pauni 650. Kwa ndege hiyo, mwezi Mei 1930, mwanamke aitwaye Amy Johnson alisafiri peke yake kutoka Uingereza hadi Australia kwa siku 19 na nusu. Hapa Nairobi, mwaka wa 1929, mwanamke mwingine, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways kwa kutumia Gipsy Moth moja. Shirika hilo halipo tena, lakini jina lake lingali kwenye uwanja wa Wilson, ambako vindege vidogo hupaa vikiwa na madaktari, watalii na mizigo ya kila aina.

Hata hivyo Nondo hakuwa mdudu asiyeuma. Tarehe 14 Mei 1931 Gipsy Moth ya mwindaji Denys Finch Hatton ilianguka na kuwaka moto mara tu ilipopaa huko Voi. Yeye alifariki pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Vitabu na filamu vimemlilia Finch Hatton kwa lugha nyingi. Kamau hutajwa kwa mstari mmoja, akitajwa. Ninamtaja hapa kwa sababu urahisi wa ndege nyepesi ulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na matajiri peke yao.

De Havilland mwenyewe alilipa sehemu kubwa. Wanawe wawili walikuwa marubani wa majaribio katika kampuni yake. John, mdogo wao, alifariki mwaka wa 1943 ndege mbili za Mosquito zilipogongana angani. Geoffrey, yule aliyepakatwa na mamaye kule Seven Barrows, alifariki mwezi Septemba 1946 ndege ya DH.108 iliposambaratika alipokuwa akiijaribu kwa kasi kubwa. Louise, aliyeshona mbawa za kwanza, alifariki mwaka wa 1949. Mwaka uo huo, tarehe 27 Julai, siku ambayo mzee alitimiza miaka 67, ndege ya Comet ilipaa kwa mara ya kwanza. Ilianza kubeba abiria mwezi Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg kwa kupitia Entebbe.

Mwaka wa 1954 Comet mbili zilisambaratika juu ya bahari karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakaangamia. Ilikuwa ni lile bawa la mwaka wa 1909 tena, lakini safari hii likiwa na roho za watu wengi. Wachunguzi wa Farnborough walikitumbukiza kiwiliwili cha Comet katika tangi kubwa la maji, wakakijaza na kukipunguzia shinikizo tena na tena hadi kikapasuka. Ikadhihirika kwamba metali huchoka, na kwamba nyufa huanzia kwenye pembe za matundu. Matokeo hayo yalitangazwa hadharani, na waundaji wengine wa ndege, hata washindani, wakafaidika. Comet ilirudi ikiwa imeimarishwa, na mwaka wa 1960 shirika letu la wakati huo la East African Airways likaanza kuitumia.

Wazo la ndege ndogo ya kazi lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Kampuni ya Kanada iliyoanzishwa mwaka wa 1928 kama tawi la de Havilland iliwauliza marubani wa nyika za kaskazini wanataka ndege ya namna gani. Majibu yao yakazaa Beaver, iliyopaa mwezi Agosti 1947, ndege yenye uwezo wa kutua kwenye uwanja mfupi na kupitisha mapipa ya mafuta mlangoni. Kikosi cha Anga cha Kenya kilipoundwa mwaka wa 1964, Beaver zilikuwa miongoni mwa ndege zake za mwanzo. Twin Otter, ambayo wengi wetu tumeiona, ilitoka katika kiwanda hicho hicho. Kielelezo chake kilipaa kwa mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1965. Siku iliyofuata, tarehe 21 Mei, Geoffrey de Havilland alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 82. Majivu yake yalitawanywa kutoka angani juu ya Seven Barrows, pale alipoanguka.

Sasa ninyi walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, tuna nini cha kuchukua? Sisemi kila shule iunde ndege. Wala sisemi de Havilland alikuwa malaika, kwa maana nimekwisha kutaja mabomu yaliyoangushwa Somalia. Nasema kwamba mtu huyu alipata nafasi ya pili, na kwamba nafasi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Fedha za babu zilitosha kuunda ndege mbili, wala si moja. Rafiki yake hakukimbia ndege ya kwanza ilipovunjika. Mkewe alishona tena. Lau angekuwa na ndege moja tu, bawa moja na kicheko kimoja cha umati, jina lake lisingejulikana nje ya kijiji cha baba yake.

Katika shule zetu jaribio la kwanza ndilo hupewa alama, na jaribio la kwanza likivunjika, alama ni sufuri. Mwanafunzi hujifunza haraka: asijaribu jambo lolote ambalo halijafanywa na mwingine kabla yake. Atakariri ufafanuzi wa nguvu za mvutano, atafaulu, na hatagusa bisibisi maisha yake yote. Tunasema siku hizi kwamba mtaala wetu unatilia mkazo umilisi na kazi za mikono. Ni vyema. Lakini umilisi hauwezi kupimwa kwa kutazama kitu kilichokamilika tu, maana kitu kilichokamilika chaweza kununuliwa mjini na mzazi, na mara nyingi hununuliwa. Tumpime mwanafunzi kwa kile anachoeleza kuhusu kilichovunjika: kilivunjika wapi, kwa mzigo gani, na atabadilisha nini.

Tutenge pia fedha za jaribio la pili. Si lazima ziwe nyingi. Mnyororo wa baiskeli hauna bei ya kuifilisi shule. Mwaka ujao, vifaa vya mwanafunzi vitakapokatika mbele ya wageni, mgeni wa heshima na apanguse viatu vyake, naye mwalimu ainame karibu na kijana wazikusanye vipande pamoja, kisha amuulize lile swali ambalo yule mvulana wangu hakuulizwa na mtu yeyote, hata nami niliyekuwa mwamuzi.